Hadithi Lazima Itaje Mahali

Jumatatu, 2 Februari

Shajara mpya. Ninaiandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Kashikishi hakuna mwalimu anayekisoma. Wanakijua cha sokoni tu: bei gani, punguza kidogo, basi acha. Bon. Nitasema yote.

Leo Hedi wetu, mwalimu mkuu Ba Mulenga, ametuita biro, ofisini kwake, mimi na Madam Thelma. Ijumaa ya wiki ijayo ni Siku ya Hadithi. Wazazi watakuja. Kilabu changu cha uandishi kitatoa mwanafunzi mmoja asome, kilabu cha Thelma kitatoa mmoja. Atakayewapendeza watu ataenda Mansa kushindana na shule zote za mkoa wa Luapula, na mwalimu wake atashika uandishi wote wa shule hii. Halafu Hedi akakohoa, akasema mutu wa kujitolea akishika kazi kubwa hivyo, yeye Hedi atapata sababu ya kumwombea ajira.

Ajira! Tangu nivuke ziwa kutoka Pweto, kwetu, ninawafundisha watoto wao Kifaransa bure. Mwisho wa muhula ninapewa sabuni na asante. Mimi, Dany Nkulu, niliyesoma Lubumbashi! Niliyesomwa redioni! (Mara moja, na umeme ulikatika katikati, lakini nilisomwa.)

Thelma ana diploma, ana mshahara, ana nyumba yenye vioo madirishani. Tulipotoka akaniambia kwa upole, Ba Dany, tuunganishe vilabu, watoto si ni wale wale. Mtego huo! Nikaukataa papo hapo. Akasema sawa mukwai, neno lao la heshima, akaenda zake na mwavuli wake mzuri. Mimi nikalowa.

Jumatano, 4 Februari

Kilabu. Mvua kubwa, bati linapiga kelele, nikafundisha kwa kupayuka. Kanuni yangu ni moja: hadithi ni ukweli. Mutu awe na jina. Mahali pawe na jina. Sitaki "hapo zamani", sitaki "kijiji kimoja". Kijiji gani? Chifu wake nani? Mutu akitaka kwenda, anapitia wapi?

Mwanafunzi mmoja, jina lake Obvious, akasoma ya kwake. Kiboko anaomba kazi kwenye baraza la wilaya. Anaingia kwenye usaili, anakalia kiti, kiti kinavunjika, wanampa kazi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia hapana. Watoto wakacheka hadi mmoja akaanguka kutoka benchi. Nikamwuliza Obvious kama amewahi kuona kiboko mwenye cheti. Akajibu, hapana Sir, lakini ameona wengi wasio nacho na kazi wanayo. Nikampeleka nyuma. Hatasoma mbele ya watu chini ya utawala wangu.

Kisha Luse. Huyu ni binti wa mwenye nyumba wangu, yuko Gredi ya kumi na moja, mutoto wa maneno machache. Akasoma juu ya muvuvi ambaye, ziwa likifungwa, hukaa mlangoni akiliangalia kama mutu anayeangalia wageni wakila kwenye sahani yake. Hata Obvious aliacha kuchekacheka kule nyuma. Na mimi, nitasema wazi, niliona wivu. Hata ile yangu ya redioni haikuwa na sentensi kama hiyo. Mutoto wa kijiji! Kaitoa wapi?

Nikachukua kalamu nyekundu. Ziwa gani? Muvuvi gani? Mlango wa wapi?

Ijumaa, 6 Februari

Kwa mgeni atakayesoma haya nikishakufa na kuwa maarufu, nieleze. Kuanzia Desemba hadi Februari iishe, serikali inafunga ziwa Mweru ili samaki wazae. Kuvua ni kosa. Kila mutu hapa anajua kwamba ni kosa, na kila mutu anakula samaki. Jioni mwenye nyumba wangu, Ba Chilufya, ambaye wote humwita Bashi Luse kwa sababu ya binti yake, hutuletea sahani iliyofunikwa. Samaki wa leo leo. Ninakula na bukari, ugali wetu, siulizi. Mugeni mwenye adabu haulizi.

Luse ameleta nakala ya pili. Nzuri zaidi. Lakini ziwa bado ni "ziwa moja" na muvuvi bado ni "baba mmoja". Nikamwuliza kama mimi ninasema na ukuta. Akatazama miguu yake, akasema, Ba titcha, kwetu kuna mambo ya kusema na mambo ya kukaa nayo. Ebu sikia! Mutoto wa miaka kumi na sita ananifundisha mimi mambo ya kusema. Nikamwambia hakuna askari aliyewahi kuifunga hadithi pingu. Nikamwambia pia kwamba kama hataki, Obvious yuko tayari na kiboko chake, na Mansa ataisikia kwa wengine. Anaitaka Mansa, nimeona machoni. Hajawahi kufika mbali kuliko Mwansabombwe.

Ameondoka na daftari kifuani. Atataja. Najua kufundisha.

Nyumbani nimejikwaa tena kwenye magunia ya Cadette. Muke wangu anauza salaula, zile nguo za mitumba, na sasa amezijaza hadi chini ya kitanda chetu. Zinanuka samaki! Nikalalamika. Akasema Kashikishi yote inanuka samaki, na nikitaka uhakika nijinuse mwenyewe.

Jumapili, 8 Februari

Nimegundua mpango wa Thelma! Amemwalika mchungaji awe mugeni wa heshima Siku ya Hadithi. Mchungaji! Na nani anaimba mstari wa mbele kwenye kwaya ya mchungaji? Thelma! Kwa hiyo mshindi ameshapatikana na sisi wengine twende tukapige makofi.

Ukiona mwenzako ana fimbo, tafuta rungu. Baada ya ibada nikamfuata Ba Mwenya, afisa mpya wa samaki, aliyehamia kutoka Samfya. Ana gari. Ana kofia yenye beji. Mchungaji ana baiskeli. Nikamwomba Ba Mwenya awe mugeni wa heshima upande wangu. Mutu huyu nusura alie! Akasema tangu afike hapa hakuna aliyemwalika kitu chochote. Akiingia harusini, muziki unapungua. Akiomba maji mlangoni, anaambiwa ndoo imetoboka. Na hadithi anazipenda tangu utotoni, bibi yake alikuwa bingwa. Atakuja na sare kamili, nikimwomba.

Nikamwomba.

Hedi alipoambiwa aliuliza kama nimefikiria vizuri. Nikamjibu kwamba nimefikiria kuliko wote. Waumini nao walikuwa wananitazama vibaya pale nje. Wivu. Waache. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jumanne, 10 Februari

Ushindi! Luse ameleta nakala ya mwisho na ndani yake kila kitu kina jina. Kashikishi. Ba Chilufya. Mtumbwi umefichwa kwenye matete nyuma ya bomba la zamani la maji. Nyavu zimo ndani ya magunia chini ya kitanda cha mupangaji. Mupangaji! Huyo ndiye aliyenifurahisha. Mutu wa kujidai, anakoroma, anasema Kifaransa usingizini, anakula samaki kila jioni na kumsifu Mungu kwa neema, na hajui kwamba analalia nyavu zilizomvua samaki huyo. Anadhani ni nguo.

Nilicheka peke yangu. Lakini mimi ni mwalimu, lazima nikosoe. Nikamwambia Luse sehemu hiyo haiaminiki. Mutu gani mjinga kiasi hicho, asiyejua kilicho chini ya kitanda chake? Luse akanitazama kwa muda mrefu. Akasema, wako, Sir.

Bon. Nikaiacha. Nikampa tu shauri aongeze kwamba mupangaji ana kipara, watu hucheka wakisikia kipara.

Jioni nikamsomea Cadette. Alicheka hadi akakaa chini. Akauliza kama kweli huyo mupangaji simjui. Nikasema watu wa namna hiyo ni wengi. Akacheka tena, akapangusa macho, akasema nyani haoni kundule. Halafu nikafika kwenye matete na magunia, na akaacha kucheka. Akaniambia, Dany, hii usiisomeshe mbele ya watu. Kwa nini? Akatazama mlangoni. Akasema, toa majina tu, nakuomba. Kwa nini? Akasema kama sijui, basi Mungu ameninyima kitu muhimu, na yeye hatanipa kwa kinywa chake kwenye nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba.

Sababu isiyosemwa si sababu. Sikumwambia habari ya Ba Mwenya. Nilitaka auone mwenyewe ukubwa wangu siku yenyewe.

Ijumaa, 13 Februari

Nitaandika kwa utaratibu.

Wazazi walijaa. Bashi Luse alikaa benchi la mbele na koti lake la harusi, ameoga, amechana nywele, kwa ajili ya binti yake. Mama yake Luse, Bana Luse, alivaa kitenge kipya. Thelma alimtoa msichana aliyesoma juu ya bibi anayefuma mikeka. Hadithi nzuri, ya kulala usingizi. Mchungaji alipiga makofi sana. Nikatabasamu. Subiri!

Ba Mwenya akaingia amechelewa, sare kamili, kofia, viatu vinang'aa. Nikamkalisha mbele. Nyuma yangu nikasikia pumzi za watu zikipotea moja moja. Heshima, nikadhani.

Luse akasimama. Akamwona. Akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akanitazama tena. Nikamfanyia ishara: soma! Akafungua kinywa na akasema, "Hapo zamani, katika kijiji kimoja..."

Kijiji kimoja! Mimi, damu ilinipanda kichwani. Wiki nzima ya kazi! Mbele ya Thelma! Nilikuwa na nakala yangu mfukoni. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kumsaidia: Kashikishi. Akaendelea: palikuwa na baba mmoja. Nikasema: Ba Chilufya. Mutu fulani akasema Mawe!, yaani ole wetu, kwa sauti ya chini. Luse akaruka ukurasa mzima, akafika kwa mupangaji, na hapo watu wakacheka, wakacheka sana, wakanitazama wakiinama kwa kicheko. Nikadhani wananisifu kwa kufundisha vizuri. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Basi nikapata nguvu. Alipotaka kuketi, nikasema hapana, kuna ukurasa umerukwa. Akasema, Ba titcha, nimesahau. Alikuwa analia. Nikasema usiogope, mutoto wangu, nitakusaidia. Nikausoma mimi. Matete. Bomba la zamani. Mtumbwi. Magunia. Kitanda.

Hakuna aliyecheka. Ba Mwenya alikuwa amevua kofia. Uso wake ulikuwa wa mutu aliyepewa zawadi asiyoitaka. Akaniuliza taratibu kama ninaweza kurudia lile neno juu ya bomba.

Nikalirudia! Kwa matamshi mazuri! Nikaongeza na upande: kushoto, ukitoka barabarani.

Bashi Luse aliinuka. Hakukimbia, hakutukana. Alifunga kifungo cha koti, akapita mbele ya watu wote, akatoka. Bana Luse akamfuata amejishika kichwa. Luse alibaki amesimama pale mbele, na aliyekwenda kumshika mkono ni Thelma. Kila mahali Thelma! Hata kwenye msiba wangu anatafuta mstari wa mbele.

Jumamosi, 14 Februari

Wamekuja asubuhi. Ba Mwenya na vijana wake wawili. Alibisha hodi kwa adabu, hilo nitamshuhudia. Akaniomba radhi. Akasema angekuwa amesikia mtaani angejifanya kiziwi, lakini amesomewa mbele ya Hedi, mchungaji na wazazi wote, kwa sauti, mara mbili. Angefanya nini?

Wakainua kitanda. Mimi bado nilikuwa ninawaeleza kwamba ile ni salaula ya muke wangu. Wakafungua gunia la kwanza. Nyavu! Gunia la pili, nyavu. Godoro letu likawekwa nje, na majirani wakaliona lilivyo. Ninakiri, lina ramani.

Nikamgeukia Cadette. Akasema tangu Desemba Bana Luse alimwomba mahali pa kuficha, na yeye akakubali, kwa sababu kodi hatujalipa vizuri tangu mwaka jana na wale watu hawajawahi kutudai kwa kelele. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema, ningekwambia wewe? Wewe? Akarudia mara nyingine nyingi lile neno "wewe". Lina matusi mengi kuliko nilivyojua.

Kwa hiyo mupangaji ni mimi! Kipara nilikiongeza mwenyewe!

Mtumbwi wameukuta mahali pale pale nilipoeleza. Wameuburuta hadi biro yao na Bashi Luse amekwenda nao. Amerudi jioni, kesi imewekwa Aprili, mtumbwi hautoki hadi hakimu aseme. Na ule mtumbwi ndiyo chakula cha nyumba ile, ndiyo karo ya shule, ndiyo kila kitu. Alisimama mlangoni kwetu. Nikamwambia pole sana, Bashi Luse, sanaa ina hatari zake. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akasema pia nitafute pa kwenda kabla mwezi haujaisha.

Hakuna sahani leo. Tumekula bukari na majani ya viazi. Si mbaya, lakini si samaki.

Jumatatu, 16 Februari

Biro ya Hedi. Thelma alikuwa ameshakaa. Ba Mulenga hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema wazazi wamekuja nyumbani kwake jana baada ya kanisa, wengi, na kila mmoja alikuwa anauliza mutoto wake ameandika nini kwenye kilabu changu. Wengine wamechoma madaftari. Kilabu kinaenda kwa Thelma. Mimi ninashukuriwa kwa huduma yangu.

Nikajitetea. Nikasema lawama nimezisikia, lakini hakuna hata mmoja aliyetaja ubora wa maelezo. Hedi akasema kuna mmoja: Ba Mwenya amemwambia hajapata kusikia hadithi yenye maelezo kamili kama ile tangu aanze kazi.

Nikauliza kama ninaweza kupewa maneno hayo kwa maandishi.

Hedi aliinamisha kichwa mezani akakaa hivyo. Thelma ndiye aliyenifungulia mlango. Akaniambia kwamba walimu wanachanga kidogo kidogo kwa ajili ya nyumba ya Luse, kama nina chochote. Tazama ujanja huo! Anataka ionekane mimi ndiye nisiyechanga. Nikampa kipande cha sabuni.

Na nani anakwenda Mansa? Obvious. Na kiboko chake. Jana alisoma mbele ya kamati, mchungaji alicheka hadi akaomba maji, na Ba Mwenya, ambaye tangu juzi anaalikwa kila mahali eti kwa sababu wanamwonea huruma, alisema huyo kiboko anafanana sana na bosi wake wa zamani, ila hawezi kumtaja. Asante ya punda ni mateke! Nani alimfundisha Obvious kushika kalamu? (Sikuwa mimi. Lakini alikuwa darasani kwangu.)

Jumapili, 1 Machi

Leo ziwa limefunguliwa. Kashikishi yote ufukweni tangu alfajiri. Ngoma, vigelegele, wachungaji wanabariki mitumbwi, wanawake na mabeseni wanagombania nafasi. Mitumbwi ikatoka mmoja mmoja. Watu wa Kilwa, kile kisiwa cha humu humu ziwani, nao wakatoka upande wao, tuliona matanga ya plastiki.

Bashi Luse alisimama pembeni, mikono nyuma. Watu walimpita wakimsalimia kwa sauti ya chini kama wanavyosalimia wafiwa. Alikuwa analiangalia ziwa. Nilikumbuka ile sentensi ya sahani na nikatamani ardhi inimeze. Hii ninaiandika kama ilivyo. Nilitamani kumwendea. Sikuwa na neno. Miaka yote hii ninajiita mutu wa maneno.

Mimi ninahama kesho. Cadette hahami. Amepatana na Bana Luse, wanakaanga mandazi pamoja na kuuza kwa wavuvi, na chumba amekiendeleza kwa jina lake mwenyewe. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo ndoa. Akasema nikipata akili nirudi, mlango ninaujua. Akanifungia mandazi sita.

Barabarani nikamkuta Luse na begi. Anapelekwa Mwansabombwe kwa shangazi yake, kusaidia kuuza mihogo hadi mambo yatengemae. Shule itasubiri. Nilimwendea kwa moyo mweupe kabisa. Nikamwambia asikate tamaa, kwamba sasa ana kisa kikubwa kuliko cha kwanza: mtumbwi, baba, mwalimu. Akiandike! Na ataje kila kitu!

Akanisikiliza hadi mwisho, mutoto ana adabu. Akasema ataandika siku moja, mukwai. Ataandika habari ya baba yake, na ya mama yake, na ya ziwa. Lakini mimi hatanitia ndani. Hata kwa jina lingine. Hata kama mutu anayepita njiani.

Gari likaja, akapanda. Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa kazi, kuliko Cadette, kuliko yote. Nilikaa juu ya jiwe nikala mandazi yote sita bila kusikia ladha.

Jumatano, 11 Machi

Kafutuma! Mungu hamtupi mja wake. Hapa kuna shule ndogo ya jumuiya, watoto wa wakulima na wavuvi, na mwalimu mkuu aliyechoka hata hakuniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia ninaweza kuanzisha kilabu cha uandishi, akasema anzisha. Kesho ni Siku ya Vijana na kilabu changu kinasoma mbele ya watu wote. Thelma hayupo! Ninapumua.

Makosa ya Kashikishi nimeyachunguza kwa makini. Kosa lilikuwa moja: mwandishi alikuwa mwoga. Basi hapa nimechagua asiye mwoga. Anaitwa Nkandu, msichana mwenye macho makavu na maswali mengi. Na anaandika juu ya nani? Juu yangu! Amechagua mwenyewe! "Mwalimu Aliyetoka Ng'ambo ya Ziwa." Nilipoisikia hiyo anwani nilimwomba airudie. Yuko mutoto mmoja Mwansabombwe ambaye ningetamani aisikie.

Wiki nzima amekuwa ananihoji, nami ninamjibu kila kitu, bila kuficha, kwa sababu hadithi ni ukweli. Nilivuka usiku gani. Mtumbwi wa nani. Tulishukia wapi ili tusipite kwa wenye mihuri. Kibali changu cha kukaa kiliisha lini (Agosti ya mwaka juzi) na kwa nini sijakiongeza (uvivu na foleni). Jana Nkandu akasita. Akauliza kama si afadhali aandike "nchi moja" na "mwalimu mmoja". Nikamkatalia kabisa. Pweto! Nkulu! Tarehe!

Mugeni wa heshima nimemtafuta mwenyewe, sitaki tena kushindwa na mchungaji wa mutu. Nilikwenda kwa miguu hadi barabarani nikapata lifti hadi Nchelenge. Nimempata afisa wa uhamiaji. Mutu mrefu, sare imepigwa pasi, beji mbili! Alifurahi kualikwa. Aliniuliza jina langu, nikamwambia. Akaliuliza tena, akaliandika vizuri. Kashikishi hakuna aliyewahi kuliandika jina langu kwa uangalifu hivyo.

Kesho nitavaa shati jeupe. Nkandu ana sauti ndogo, kwa hiyo nimemwambia nitasimama kando yake na nakala yangu, na akisahau neno lolote nitalisema mimi.